UZI: Mike Ashley, kutoka duka la raba hadi Newcastle United. Tuweke namba mezani

#1 Mizani_ya_Hesabu

Wakuu, jina la Mike Ashley likitajwa humu mjadala unaharibika mapema: huku matusi ya mashabiki wa Newcastle, kule sifa za tajiri aliyeanza na duka moja. Huu uzi tuuweke kwenye namba na mikataba.

Kwa wasiomjua: amezaliwa 1964 Walsall, akakulia Burnham, Buckinghamshire. Shule aliacha akiwa na miaka 16, akacheza na kufundisha skwoshi. Mwaka 1982 akafungua duka la vifaa vya michezo Maidenhead kwa pesa ya kukopeshwa na familia. Miaka ya 1990 maduka yakaongezeka kwa jina la Sports Soccer, ndiyo hii baadaye ikaitwa Sports Direct. Kipindi chote hicho hakuwa na mwanahisa wa kumtolea maelezo, na tabia hiyo hakuiacha hata alipokuwa nao.

Februari 2007 aliipeleka kampuni soko la hisa la London kwa peni 300 kwa hisa. Aliuza 43%, na pauni milioni 929 zikaingia mfukoni mwake mwenyewe, siyo kwenye kampuni. Kabla mwaka 2008 haujaisha hisa ile ile ilikuwa chini ya peni 50, kwa hiyo walionunua siku ya kwanza walilia. Yeye tayari alikuwa na pesa mkononi, na Mei 2007 akaanza kuinunua Newcastle.

Msimamo wangu nautoa mapema mnipinge vizuri: Ashley ni mnunuzi wa lebo. Maisha yake yote amenunua majina yenye historia wakati wenye nayo wamechoka. Newcastle ni lebo aliyoinunua bila kufungua boksi.

#2 Mpanga_Rafu

Naongezea upande wa duka, maana watu wanadhani siri ilikuwa "kuuza bei chee" tu. Bei chee peke yake inakufilisi. Mashine yake ilikuwa na sehemu mbili zinazotegemeana.

Ya kwanza ni bidhaa za kuvuta watu: Nike, Adidas, jezi za klabu. Faida humo ni nyembamba kwa sababu mtengenezaji ndiye mwenye nguvu. Ya pili ni chapa zake mwenyewe, zinazopangwa rafu ya jirani: Donnay (1996), Dunlop Slazenger na Karrimor (2004), pamoja na Kangol, Lonsdale na Everlast. Hapo hakuna msambazaji wa kati. Anaagiza kiwandani moja kwa moja, anapachika bei elekezi ya juu, halafu anaikata kwa kalamu nyekundu hadi nusu au chini zaidi. Mteja aliyefuata jezi anaondoka na jezi, soksi za Donnay na begi la Karrimor. Pesa ya maana imetoka kwenye soksi na begi.

Chapa zenyewe alizipata kwa bei ya msiba. Dunlop Slazenger ilimgharimu kama pauni milioni 40 mwaka 2004. Mwishoni mwa 2016 alikubali kuiuzia Sumitomo Rubber ya Japani jina la Dunlop peke yake kwa dola milioni 137.5, Slazenger akabaki nayo. Na katikati ya hapo kuna leseni: kampuni nyingine inalipa mrabaha ili ichape jina lako kwenye bidhaa inazotengeneza yenyewe, wewe huna hata kontena bandarini.

Kwa hiyo nakubaliana na #1 kuhusu lebo.

#3 Mgeni_Uzini

Swali la kijinga: kama anaharibu bei hivyo, kwa nini Nike na wenzake walikubali kumpa mzigo?

#4 Mpanga_Rafu

Si la kijinga hata kidogo. Wanampa kwa sababu anachukua mzigo mkubwa na analipa. Dawa yao ni kumnyima bidhaa za daraja la juu na kumwachia za daraja la kawaida. Ndiyo sababu miaka ya karibuni kampuni imebadili maduka na kujenga Flannels ya mavazi ya kifahari: bila duka zuri hupewi raba nzuri.

Lakini kuna wakati wenye mzigo walitumia njia ya mkato. Mwaka 2000 na 2001 jezi za Umbro, za England na Manchester United, zilipangiwa bei kwa makubaliano ya siri. Jezi ya mtu mzima isishuke chini ya pauni 39.99. Sports Soccer ndiyo ilikuwa inauza chini ya hapo, ikabanwa ipandishe, ikakubali kwa muda, halafu ikatoa ushahidi kwa mamlaka ya ushindani ya Uingereza, OFT. Agosti 2003 faini zikatoka, jumla pauni milioni 18.6. JJB Sports, mnyororo pinzani wa maduka ya michezo, walipigwa milioni 8.37, Umbro milioni 6.64, Manchester United milioni 1.65. Rufaa baadaye ilipunguza kidogo za JJB na Umbro. Sports Soccer ya Ashley? Pauni 123,000.

Na mwenye JJB alikuwa Dave Whelan, mmiliki wa Wigan Athletic. Wauza raba wawili, klabu mbili. Huyo tutamrudia.

#5 Kanuni_ya_Tisa

Nichukue ununuzi wenyewe, maana humu watu husema "alinunua klabu kwa milioni 134" kana kwamba alitoa hundi moja. Newcastle ilikuwa kwenye soko la hisa, na kwenye soko la London kuna ngazi tatu za kuzijua.

Ukifika 30% ya kura, sheria ya ununuzi wa makampuni inakulazimisha utoe ofa ya pesa taslimu kwa wanahisa wote waliobaki, kwa bei isiyopungua ile ya juu kabisa uliyolipa miezi 12 iliyopita. Ukifika 75% unaweza kuitoa kampuni sokoni. Ukipata 90% ya hisa ulizozitolea ofa, hata wale wabishi unawachukulia zao kwa bei ile ile.

Tarehe 23 Mei 2007 alinunua 41.6% za familia ya Sir John Hall kwa pauni 1 kwa hisa, jumla kama milioni 55. Palepale alikuwa ameruka 30%, ofa ikawa lazima. Mwenyekiti Freddy Shepherd alikuwa na 28% na mwanzoni hakutaka kuuza. Lakini ukishabaki na hisa chache kwenye kampuni inayokwenda kutolewa sokoni, unashikilia karatasi isiyo na mnunuzi. Juni akauza. Julai klabu ikatoka sokoni. Jumla ya gharama pauni milioni 134.4.

Kwa ufundi wa ununuzi, ilikuwa safi sana.

#6 Mizani_ya_Hesabu

Safi kwa nje, ndiyo. Boksi lenyewe sasa. Ashley alikiri hadharani kwamba hakufanya ukaguzi wa kina wa vitabu kabla ya kununua. Mtu wa biashara ya milioni 929!

Ndani alikuta mkopo wa upanuzi wa uwanja wenye kifungu cha kawaida kabisa: mmiliki akibadilika, deni lote linadaiwa mara moja. Alikuta wachezaji waliosajiliwa ambao malipo yao yalikuwa bado hayajaisha. Alikuta pesa za udhamini zilizokwisha kuchukuliwa mapema na kutumika. Vitu vitatu hivi havionekani kwenye bei ya hisa. Vinaonekana ukisoma mikataba ya mikopo, ratiba ya malipo ya usajili na masharti ya wadhamini, mafaili matatu tu.

Kufikia Septemba 2008 alisema ameshaingiza pauni milioni 110 nyingine juu ya ile 134. Ziliingia kama mkopo wa mwanahisa usio na riba. Wanaomtetea wapo sahihi kwamba benki ingetoza riba. Wanaomponda nao wapo sahihi kwamba mkopo si zawadi: unabaki kwenye vitabu, na siku ya kuuza unahesabiwa.

Hapo ndipo tabia yote ya miaka 14 ilipozaliwa. Aliona ameshalipa pauni milioni 244 kwa kitu alichodhani ni cha 134, akaamua klabu ijilishe yenyewe.

#7 BekiTatu

Sasa tushuke uwanjani, maana hesabu za #6 zilikuja kulipwa kule.

Kosa la kwanza lilikuwa muundo. Januari 2008 Kevin Keegan alirudi kama kocha, kisha Dennis Wise akawekwa juu ya usajili. Nani ana neno la mwisho? Halikuandikwa kwa lugha isiyo na utata. Agosti akaletwa kwa mkopo Ignacio González, ambaye Keegan hakumtaka. Septemba Keegan akaondoka. Oktoba 2009 jopo la usuluhishi lilimpa Keegan fidia ya pauni milioni 2, na kwenye hukumu ikathibitika kwamba González aliletwa kama hisani kwa mawakala wa Amerika Kusini. Msimu wa 2008/09 benchi lilipita mikononi mwa Keegan, Joe Kinnear na mwisho Alan Shearer kwa mechi nane. Wakashuka daraja.

Chris Hughton aliwarudisha kwa pointi 102, akafukuzwa Desemba 2010. Januari 2011 Andy Carroll akauzwa Liverpool kwa milioni 35.

Halafu, tuwe wakweli, kikaja kipindi ambacho mfumo ulifanya kazi. Skauti mkuu Graham Carr alikuwa anawinda Ufaransa na kwingineko: vijana, mikataba mirefu, bei ya chini. Yohan Cabaye, Papiss Cissé, Demba Ba aliyekuja bure. Msimu wa 2011/12 wakamaliza nafasi ya 5. Na hapo ndipo pa kujifunza. Kiangazi cha 2012, timu inaingia Ulaya na mechi zinaongezeka, waliongeza mchezaji mmoja wa maana, Vurnon Anita. Septemba kocha Alan Pardew akapewa mkataba wa miaka minane. Majeruhi wakaja, kikosi kikakatika, wakamaliza nafasi ya 16. Januari 2013 ikabidi walete Wafaransa watano kwa mkupuo kuziba mashimo.

Duka linaweza kukaa na rafu tupu wiki mbili mzigo ukiwa baharini. Timu haiwezi.

#8 Winga_Teleza

Mnamwonea kidogo. Rekodi ya usajili ya klabu ilikuwa Michael Owen, 2005, pauni milioni 16 hivi. Ashley aliivunja kwa Miguel Almirón Januari 2019, kisha Joelinton milioni 40 kiangazi cha mwaka huo huo.

#9 BekiTatu

Mkuu, umejijibu. Tangu 2005 hadi 2019 ni miaka zaidi ya 13, na bei za wachezaji kipindi hicho zilipanda mara nyingi. Na Joelinton alitua baada ya Rafa Benítez kuondoka Juni 2019, kocha ambaye aliwapandisha kama mabingwa 2017 na kubaki akiomba nguvu sokoni.

Hata kuuza walijua kuuza, kujaza nafasi ndiyo ilikuwa shida. Cabaye akaenda PSG Januari 2014, hakuna aliyenunuliwa badala yake. 2016 wakashuka tena.

#10 Winga_Teleza

Sawa, lakini tazama upande wa pili. Sheria za matumizi za Ligi Kuu ziliruhusu hasara ya hadi milioni 105 kwa miaka mitatu. Klabu nyingi zilikuwa zimeshaigusa dari. Newcastle ya Ashley ilikuwa mbali nayo. Wamiliki wapya Januari 2022 walitumia karibu milioni 90 kwa dirisha moja (Trippier, Wood, Guimarães, Burn) na hakuna aliyewagusa. Nafasi hiyo ilitokana na ubahili wake.

#11 Mizani_ya_Hesabu

Hoja ya #10 naikubali bila kinyongo. Ila aliacha nafasi ya kutumia pesa, na uwanja wa mazoezi wa Benton aliuacha bila kuuboresha.

#12 Mpanga_Rafu

Kuna jambo halijaguswa: matangazo. Hapa ndipo klabu iligeuka rafu.

Uwanja wa klabu, St James' Park, unaingiza watu zaidi ya 52,000 na kamera za Ligi Kuu zinaonyesha dunia nzima. Mbao za Sports Direct zilijaa kila upande, na kwa miaka mingi klabu haikulipwa kitu kwa nafasi hizo. Novemba 2011 uwanja ukabatizwa Sports Direct Arena, kwa maelezo kwamba ni kuonyesha wadhamini thamani ya jina. Aliyekuja kulinunua ni Wonga, kampuni ya mikopo ya riba kali, Oktoba 2012, nayo ikarudisha jina la zamani ili kujipendekeza kwa mashabiki. Duka la jezi la klabu nalo likawa mikononi mwa Sports Direct.

Ukiwa mtu mmoja unamiliki klabu na duka, ukikaa mezani kupanga mgawo wa faida ya jezi unajadiliana na nani? Kila pauni inayobaki dukani ilikuwa na wanahisa wengine ndani yake. Kila pauni iliyobaki klabuni ingenunua beki.

Rangers ya Scotland walionja kitu hicho hicho. Ashley alikuwa na karibu 9% ya hisa, chama cha soka kikamzuia kupita 10% kwa sababu ya Newcastle. Hakuhitaji hisa zaidi. Januari 2015 kampuni yake iliwakopesha pauni milioni 5, na sehemu ya masharti ikawa kuongezewa umiliki wa kampuni ya kuuza jezi, kutoka 49% hadi 75%. Mashabiki wakasusa jezi. Mkataba ukaandikwa upya 2017 na hisa zake akauza.

#13 Mgeni_Uzini

Na haya ya House of Fraser na Debenhams, yale maduka makubwa ya Uingereza, yanaingiaje? Mbona moja alipata na nyingine akapoteza?

#14 Kanuni_ya_Tisa

Debenhams alinunua hisa. House of Fraser alinunua mali. Tofauti yote ipo hapo.

Debenhams alijisogeza hadi karibu 30% na kusimama, kukwepa ile ofa ya lazima niliyoeleza #5. Aprili 2019 wakopeshaji wakaichukua kampuni, hisa zikawa sifuri, na kama pauni milioni 150 zikayeyuka. Mwanahisa ndiye wa mwisho kwenye foleni.

House of Fraser, 10 Agosti 2018, alisubiri ianguke kwanza. Njia inaitwa ufilisi uliopangwa kabla, na hatua zake ni hizi. Washauri wa kampuni inayozama wanatafuta mnunuzi kimyakimya. Mkataba unaandaliwa kabla ya tangazo. Asubuhi kampuni inawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na ndani ya muda mfupi sana wasimamizi wanasaini kuuza jina, mzigo na biashara ya madukani. Madeni ya wasambazaji na mfuko wa pensheni vinabaki kwenye kampuni ya zamani. Alilipa pauni milioni 90 kwa maduka 59. Kisha anawafuata wenye majengo mmoja mmoja: punguza kodi au nafunga.

Kinachoharibika baadaye ni mzigo. Msambazaji aliyedhulumiwa jana hakuletei leo kwa mkopo, anataka taslimu mbele. Rafu zikawa tupu miezi kadhaa. Julai 2019 kampuni ikachelewesha matokeo ya mwaka, ikatangaza dai la kodi la Ubelgiji la euro milioni 674, na kuungama kwamba ununuzi wa House of Fraser ulikuwa mzigo mzito. Mkaguzi wa hesabu akajitoa. Desemba hiyo jina la kundi likabadilishwa kuwa Frasers Group, yaani lebo ya duka lililomtesa ndiyo ikawekwa juu ya yote.

#15 Kalamu_Nyekundu

Kabla hamjamaliza, bei chee ililipwa na nani? Ghala la Sports Direct, Shirebrook, Derbyshire. Wafanyakazi zaidi ya 3,000 kupitia mawakala. Ukichelewa dakika moja unakatwa robo saa. Zamu ikiisha unapanga foleni ya kupekuliwa, muda huo haulipwi, na hapo ndipo wastani wa ujira uliposhuka chini ya kima cha chini cha sheria. Juni 2016 Ashley alihojiwa na kamati ya bunge na akakubali kosa hilo. Agosti yakakubaliwa malipo ya nyuma ya kama pauni milioni 1. Madukani, mwaka 2013, kama 90% ya wafanyakazi walikuwa na mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi, wakati wa kudumu wapatao 2,000 walikuwa wanagawiwa hisa za bonasi zenye thamani kubwa. Kampuni moja, milango miwili.

#16 BekiTatu

Whelan tulimwahidi. Alikuwa beki wa Blackburn Rovers, akavunjika mguu kwenye fainali ya Kombe la FA 1960. Akaanza meza ya sokoni, akafungua maduka ya vyakula ya bei nafuu, akawauzia Morrisons 1978 kwa milioni 1.5. Duka la vifaa vya uvuvi na michezo la Wigan akaligeuza JJB. Wigan Athletic aliinunua 1995 ikiwa daraja la nne. Uwanja mpya wa watu 25,000 ukafunguliwa 1999, Ligi Kuu 2005, Kombe la FA 2013 kwa bao la Ben Watson dhidi ya Manchester City. Siku tatu baadaye wakashuka.

Whelan alifuja kwa mapenzi, Ashley alibana kwa uchungu. Lakini angalia mwisho: familia ya Whelan iliuza Wigan 2018, Julai 2020 klabu ikaingia kwenye ufilisi chini ya wamiliki waliofuata. Agosti 2020 kampuni yake ya gym, DW Sports, nayo ikaanguka. Aliyeokota mabaki ni Frasers, kwa hadi pauni milioni 44.5. JJB yenyewe Ashley alikuwa ameshaiokota 2012 kwa milioni 24.

#17 Mgeni_Uzini

Na Newcastle alitoka na faida au hasara?

#18 Mizani_ya_Hesabu

Bei ya 7 Oktoba 2021 ilikuwa pauni milioni 305. Mfuko wa Saudi, PIF, ukachukua 80%, kampuni ya uwekezaji PCP ya Amanda Staveley 10%, matajiri ndugu Reuben 10%. Weka 134 ya ununuzi na zaidi ya 100 ya mikopo, unabaki na ziada isiyofikia 70 kwa miaka 14, kabla ya mfumuko wa bei. Alijaribu kuuza 2008, akajaribu 2009 kwa milioni 100, akajaribu tena 2017. Ule wa Saudi ulikwama 2020 kwa mwaka na nusu, kwanza kwa wizi wa matangazo ya televisheni ya beIN ya Qatar, pili kwa swali la nani hasa anayeongoza klabu. Mbao za bure za Sports Direct (#12) siyahesabu, maana hazikuandikwa popote.

#19 Mpanga_Rafu

Ongeza na hili. Klabu ilipotoka mikononi mwake, wamiliki wapya wakawapa JD Sports, mpinzani wa Sports Direct, haki ya pekee ya kuuza jezi za Adidas za msimu wa 2024/25, pembeni ya duka la klabu na Adidas wenyewe. Sports Direct wakaenda mahakama ya ushindani kulalamika kwamba wamenyimwa mzigo. Aprili 2024 ombi la zuio likakataliwa, na rufaa nayo ikatupwa. Aliyewapa OFT ushahidi wa jezi za Umbro sasa alikuwa nje ya rafu ya klabu aliyoimiliki miaka 14.